Barua kwa Kulwa kuhusu tarehe 25

Hannover, Ujerumani
Jumapili ya kwanza ya Majilio

Mdogo wangu Kulwa,

Mpe Mama shikamoo yangu kwanza, halafu barua hii uisome mbele yake kwa sauti, Doto na Shija wakiwepo. Usiruke mahali. Mimi ni mzima. Baridi imeanza, kazi ipo, tuache hayo.

Ujumbe wa ada ya Shija nimeupata. Nitaiweka mwenyewe kwenye akaunti ya shule, kwa hiyo hilo lisiwaumize kichwa. Kilichonifanya nikae chini niandike ni simu ya Doto. Amenipigia analia. Anasema umemwambia Mama kwamba mwaka huu Krismasi isiliwe tena katika nyumba ya Baba, eti Yesu hakuzaliwa Desemba, na anayepika pilau siku hiyo anampikia mungu jua. Mwaka jana hela ya mbuzi niliyoituma kwa mkono wako iligeuka vipaza sauti vya kanisa lenu, na wageni wakala maharage. Nilinyamaza kwa ajili ya Mama. Safari hii sinyamazi.

Nianze na pale unapopatia. Biblia haina tarehe. Tafuta kwa Mathayo, tafuta kwa Luka, hutaiona. Hilo Baba alilifundisha miaka yote ya ukatekista wake, pale chini ya mwembe, na wewe ulikuwa umekaa mbele: Kanisa linaadhimisha kuzaliwa kwake, halijaapa kwamba usiku ndio huo. Sasa mchungaji wako amekufunulia siri gani? Klementi wa Aleksandria, mwalimu wa Kanisa la kale, aliandika karibu mwaka 200, na tayari aliwakuta watu wanabishana. Wengine walishika siku ambayo kwa kalenda yetu ni 20 Mei, wengine 19 au 20 Aprili. Desemba haimo kabisa.

Hata mwaka wenyewe una maneno. Mathayo anasema alizaliwa zamani za mfalme Herode, na wanahistoria wengi wanaweka kifo cha Herode mwaka 4 kabla ya Kristo. Hesabu ya miaka tunayotumia ilipangwa mwaka 525 na mmonaki mmoja wa Roma, Dionysius Exiguus, naye akapishana na Herode. Luka anataja sensa ya Kirenio, liwali wa Shamu, na sensa ya Kirenio inayojulikana ni ya mwaka wa 6 baada ya Kristo, Herode ameshazikwa siku nyingi. Wasomi wamelikesha jambo hilo na hawajapatana. Umeona sikufichi kitu.

Lakini Kulwa, Baba alizaliwa lini? Bibi alikuwa akisema ni mwaka wa mvua za Uhuru, ziwa lilipopanda likafukuza watu pwani. Mwezi hakuujua. Kitambulisho kikaandikwa 1 Julai 1962 kwa sababu karani alitaka tarehe. Kila Julai Mama alimchinjia kuku na wewe ulikula paja. Hukuwahi kusimama mezani ukasema kuku huyu ni wa uongo. Luka naye anahesabu kama Bibi: fulani alipokuwa liwali, fulani alipokuwa Kaisari. Watu wa namna hiyo wanajua vizuri kabisa kwamba mtoto alizaliwa.

Sasa tuje kwenye hoja zako, moja moja, maana Doto amenitumia zile video zote nami nimezisikiliza mpaka mwisho.

Wachungaji wa kondoo. Mnasema Desemba Bethlehemu ni baridi, hivyo wasingekuwa makondeni usiku. Ni kweli Bethlehemu iko mlimani, karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, na Desemba ni mwezi wa mvua na baridi. Ila mvua hiyo hiyo ndiyo inayootesha majani baada ya miezi mirefu ya ukame. Wewe ni Msukuma, Babu alikuwa na ng'ombe Magu. Uliwahi kumwona mfugaji akiyakimbia majani? Mstari ule hauthibitishi Desemba, na hauikatazi.

Mungu jua. Hapa ndipo mchungaji wako anapopaza sauti zaidi, na ndipo alipo dhaifu zaidi. Kaisari Aurelian aliweka wakfu hekalu la Jua Lisiloshindwa huko Roma mwaka 274, hilo halina ubishi. Lakini kalenda ya Kirumi inayoletwa kila mara kama ushahidi kwamba sikukuu ya jua hilo ilikuwa 25 Desemba ni ya mwaka 354. Na ndani ya kitabu hicho hicho cha mwaka 354 imeandikwa kwamba Kristo alizaliwa Bethlehemu ya Yudea siku nane kabla ya Januari mosi kwa hesabu yao, yaani 25 Desemba. Wasomi wanaona orodha hiyo ya Wakristo ilianza kukusanywa mwaka 336. Basi nani alimwiga nani? Wapo wanaosema Kanisa lilifuata jua, na wapo wanaosema haikuwa hivyo. Kulitamka mbele ya mama mjane kana kwamba limethibitishwa, hilo silikubali. Na Saturnalia, sikukuu nyingine ya Warumi wa kale unayoichanganya humo, ilianza 17 Desemba ikaisha 23. Haifiki hata kwenye mkesha.

Kuna njia nyingine ambayo video zako hazikuitaja hata mara moja. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa karibu mwaka 200, anasema Yesu alisulubiwa tarehe ambayo kwetu ni 25 Machi. Wakristo wa kale wengine waliamini kwamba Bwana alichukuliwa mimba siku ile ile aliyokuja kufa. Hesabu miezi tisa kutoka 25 Machi. Upande wa mashariki wapo waliohesabu kifo kuwa 6 Aprili. Miezi tisa tena, unapata 6 Januari, na Waarmenia mpaka leo wanasali Krismasi tarehe hiyo. Inawezekana basi tarehe zote mbili zilitoka msalabani. Mimi ndivyo ninavyoamini, na sikulazimishi.

Halafu zamu ya Zakaria. Najua mnaipenda kwa sababu inawapa Septemba. Zakaria, baba wa Yohane Mbatizaji, ni kuhani wa zamu ya Abiya, zamu ya nane kati ya ishirini na nne za makuhani katika Mambo ya Nyakati, mnahesabu kutoka hapo mpaka mimba ya Elisabeti mkewe, kisha ya Mariamu, mnatua kwenye Sikukuu ya Vibanda ya Wayahudi. Shida ni kwamba kila zamu ilirudi hekaluni zaidi ya mara moja kwa mwaka, na Luka hasemi ni ipi. Tena Yohane Krisostomo, akihubiri Antiokia mwaka 386, alimtumia Zakaria huyo huyo kuwathibitishia watu Desemba! Alimchukulia kuwa kuhani mkuu aliyeingia Siku ya Upatanisho, jambo ambalo Luka halisemi. Mzee mmoja, uvumba mmoja, huyu anapata Septemba, yule Desemba. Ungenyamaza kidogo na wewe mbele ya hesabu kama hiyo.

Haya nimeyasoma kwa Kijerumani, Kulwa. Nimekaa maktaba ya mji siku zangu za mapumziko, nikasoma mwenyewe, sikusimuliwa. Yule binti wa Kirumba waliyesema atarudi na sanduku tupu amefaulu mtihani wa lugha, ametambuliwa kuwa muuguzi kamili, na sasa amekabidhiwa zamu ya usiku ya ghorofa nzima. Daktari akitaka kujua hali ya mgonjwa ananiuliza mimi. Mwambie na Shangazi.

Hapa nilipo Krismasi inakuja mara tatu. Wajerumani wanakula jioni ya 24, watoto wanafungua zawadi usiku huo. Mwenzangu Mwarmenia anaomba ruhusa tarehe 6 Januari. Mwenzangu wa Eritrea na bibi mmoja Mrusi ninayemhudumia wanasubiri tarehe 7, kwa sababu makanisa yao hayakufuata marekebisho ya Papa Gregori ya mwaka 1582 na kalenda zao ziko nyuma. Hakuna anayemwita mwenzake mpagani. Tunabadilishana zamu: mimi nashika ya Mwarmenia, yeye anashika yangu.

Na msidhani mmeanza ninyi. Massachusetts, huko Marekani, mwaka 1659 Wakristo wakali walitunga sheria kwamba anayeadhimisha Krismasi alipe faini ya shilingi tano. Ikafutwa mwaka 1681. Hata Mama Zulfa jirani, ambaye biriani yake ya Idd hujawahi kuikataa, anakuonyesha Surat Maryam: Mariamu chini ya mtende, tende mbivu zikimwangukia. Tende huiva miezi ya joto, Agosti au Septemba huko. Mama Zulfa ana hoja nzuri kuliko ya zamu ya Abiya, na bado kila 25 anamletea Mama sahani ya vitumbua. Wewe mtoto wa tumbo lake ndiye unayekaa nyuma ya mlango.

Paulo aliwaandikia Warumi, sura ya 14, kwamba mmoja huona siku fulani ni bora, mwingine huona siku zote ni sawa, na kila mtu awe na hakika moyoni mwake. Kama wewe siku zote ni sawa, basi 25 Desemba nayo ni siku. Njoo ule na Mama.

Kulwa, huku hakuna embe la kuokota. Desemba yetu ya Mwanza ni mvua ya alasiri, kumbikumbi wanajaa kwenye taa ya kibaraza, watoto na nguo za mtumba za Mlango Mmoja wanashuka ziwani kuangalia mawe ya Bismarck, soko la Mwaloni linanuka dagaa mpaka kwenye nguo za kanisani. Natamani kichwa cha sato mpaka naona aibu kusema. Mimi ndiye ningekuwa na sababu ya kutokuwepo mezani, na nimekosa likizo. Wewe uko Pasiansi, daladala moja, unakataa.

Hela nimeituma kwa simu ya Doto, laki tatu: mbuzi, mchele, na kitenge cha Mama. Achinje Baba Mdogo. Anatoka Sengerema, na tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi liko wazi, kwa hiyo asiseme tena alikwama kwenye kivuko. Shija apewe viatu kabla ya Mkesha, siyo baada. Kiti cha Baba asikalie mtu.

Na kama mchungaji wako ana maandishi ya zamani kuliko hayo ya mwaka 354 yanayoitaja sikukuu ya jua tarehe 25 Desemba, andika jina lake unitumie, nitayatafuta na kuyasoma kwa haki. Niandikie kwa mkono wako. Video sitaki tena.

Dada yako,
Limi