Nyota tano za nini?

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata. Unasema wahakiki karibu wote waliipa albamu ile nyota tano ilipotolewa upya, ukainunua, na sasa unaona CD yako chakavu inapiga vizuri kuliko hiyo mpya. Masikio yako hayana kasoro. Zile nyota walizipa nyimbo. Diski yenyewe uliyoilipia wengi wao hawakuizungumzia kabisa.

Uhakiki wa matoleo mapya ya roki hupotoka hapo. Mhakiki anakabidhiwa albamu iliyosifiwa kwa miongo kadhaa, anasimulia historia ya bendi, anagusia nyimbo za ziada, kisha anaweka alama. Alama hiyo ni ya jina la albamu. Tazama Pinkerton ya Weezer: mwaka 1996 Rolling Stone iliipa nyota 3, mwaka 2004 jarida hilohilo likaipa 5, na toleo la 2010 likapata 10 kamili kati ya 10 kutoka tovuti ya uhakiki ya Pitchfork. Kilichobadilika ni wakati na wasikilizaji, maana nyimbo kumi za awali ni zilezile. Kabla ya hapo, Rolling Stone hiyohiyo iliiponda albamu ya kwanza ya Led Zeppelin mwaka 1969, na mwaka uliofuata mhakiki wake Lester Bangs akaichana ya kwanza ya Black Sabbath. Kwa hiyo alama isome kama kipimo cha upepo wa siku hizo, halafu nenda moja kwa moja kwenye swali ambalo uhakiki wa toleo jipya unapaswa kulijibu: ndani ya diski hii kuna nini hasa?

Anza na hili: ni rimiksi au ni rimasta? Rimiksi maana yake mafundi wamerudi kwenye kanda ya njia nyingi, ambako gita, besi, dramu na sauti vimehifadhiwa kila kimoja kwenye njia yake, wakavipanga upya. Rimasta ni kuchukua kanda iliyokwisha kuchanganywa, ya kushoto na kulia tu, na kurekebisha besi, ukali na kiwango cha sauti. Mhakiki akikuambia kwamba kwenye rimasta "gita la pili limesogezwa mbele", mtilie shaka, kwa sababu ukiinua masafa ya gita unainua pia sauti ya mwimbaji na matoazi yaliyomo kwenye masafa hayohayo. (Mpaka huo sasa umeanza kufifia: Revolver ya Beatles ya 2022 ilichanganywa upya na mtayarishaji Giles Martin kwa programu iliyotengenezwa na timu ya mwongozaji filamu Peter Jackson, inayoweza kutenganisha ala zilizorekodiwa pamoja kwenye njia moja. Lakini hiyo ni rimiksi, na iliitwa hivyo.)

Rimiksi inaweza kukubadilishia albamu usiitambue. Mwaka 1987 albamu za awali za ZZ Top ziliingizwa kwenye CD zikiwa zimebandikwa dramu zenye mwangwi wa miaka ya themanini, na kwa miaka mingi mtu aliyenunua CD hakuwa na njia rahisi ya kusikia ile ya asili. Raw Power ya Iggy and the Stooges, ya 1973, ilichanganywa karibu yote na David Bowie ikatoka nyembamba, besi haisikiki vizuri. Mwaka 1997 Iggy Pop aliichanganya upya, akaisukuma hadi ikawa miongoni mwa CD zenye kelele kuliko zote za roki, kisha 2010 ile ya Bowie ikarudishwa sokoni. Ukisoma sifa za Raw Power bila kuambiwa ni ipi kati ya hizo mbili, hujasoma chochote. Kisa kibaya zaidi kwangu ni cha Ozzy Osbourne. Matoleo ya 2002 ya Blizzard of Ozz na Diary of a Madman yalifutwa besi ya Bob Daisley na dramu za Lee Kerslake, wakarekodiwa Robert Trujillo na Mike Bordin mahali pao, katikati ya mzozo wa malipo. Wapigaji wa asili walirudi kwenye toleo la 2011. Duka la mitumba halitakuambia tofauti hiyo. Tazama mwaka ulioandikwa nyuma ya jalada.

Sasa tuje kwenye ugonjwa ninaoushuku kwenye diski yako: kelele. Sauti ya dijitali ina dari, desibeli sifuri, haipandi zaidi. Fundi akitaka albamu isikike kubwa kuliko nyingine, anatumia limita (kifaa cha kuzuia sauti isipite kiwango) kukata vilele vya sauti, kisha anainua kila kitu kilichobaki. Cha kwanza kuumia ni snea, ile dramu yenye mpigo mkali: ule mpasuko wake ni kilele cha muda mfupi sana, na ukikatwa inabaki kama inapigwa juu ya godoro. Kisha kibwagizo hakiruki tena juu ya ubeti, kwa kuwa vyote viko darini. Wahakiki wengi hawalisikii hili kwa sababu sikio la binadamu huona sauti iliyo kubwa kidogo, hata kwa desibeli moja, kuwa ndiyo nzuri zaidi. Mtu anayelinganisha matoleo mawili bila kugusa kitufe cha sauti atachagua lile lenye kelele karibu kila mara, kisha ataandika kwamba "limepata uhai mpya".

Lipime mwenyewe. Nakili wimbo mmoja kutoka kila CD kwa muundo wa WAV, si MP3. Vifungue vyote viwili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, na utazame umbo la wimbi: la zamani litakuwa na miiba na mabonde, jipya huenda likawa kama tofali. Hapo usiishie, maana jicho haliwezi kuhukumu muziki. Tumia kisawazisha cha ukubwa wa sauti kinachopima kwa LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), viweke vyote kwenye -23, kisha sikiliza sekunde ishirini au thelathini za sehemu ambapo dramu zinaingia baada ya utulivu. Mtu mwingine akubadilishie bila kukuambia ni lipi. Watu hukosea kwa kusawazisha vilele badala ya ukubwa wa sauti: ukifanya hivyo, lile lililobanwa linabaki na kelele zaidi na jaribio lote halifai. Pia usipandishe hadi -14 kama zinavyofanya baadhi ya huduma za kusikiliza mtandaoni, kwa sababu vilele vya toleo la zamani vitagonga dari na utakuwa umeliharibu mwenyewe.

Kuna pia kipimo cha DR, yaani tofauti kati ya vilele na wastani wa sauti, ambacho mashabiki hupenda kutupiana. Nne au tano kwa roki ni kubanwa vibaya. Kumi na kuendelea kuna hewa. Kwa CD kinasaidia. Kwa santuri kinadanganya, kwa kuwa kukata na kusoma mfereji ambamo sindano hupita hubadilisha umbo la vilele, hivyo rekodi ileile iliyobanwa inaweza kuonyesha namba nzuri zaidi ikitoka kwenye sindano.

Kuhusu albamu mpya nitasema machache. Soma sentensi zenye kitu cha kushika: dramu zimerekodiwaje, wimbo upi umekaa vibaya kwenye mpangilio, besi inasikika au haisikiki. Vivumishi viruke. Death Magnetic ya Metallica, 2008, ilisifiwa na wahakiki wengi kama kurudi nyumbani, na wasikilizaji ndio waliogundua kwamba nyimbo zilezile ndani ya mchezo wa Guitar Hero hazikuwa zimebanwa kiasi kile.

Ulitaja pia kwamba unafikiria kununua santuri. Hapo angalia dakika. Upande mmoja wa inchi 12 unapenda dakika 18 hadi 20. Ukivuka 22 hivi mkataji, yaani fundi anayechonga mfereji huo, analazimika kupunguza sauti na besi, na wimbo wa mwisho karibu na lebo unaanza kukwaruza kwenye herufi za "s". Albamu ya dakika sitini iliyobanwa kwenye santuri moja iache. Mkato wenyewe ni habari kubwa: Led Zeppelin II ya 1969 iliyokatwa na Bob Ludwig, yenye herufi RL kwenye sehemu laini karibu na lebo, ilikuwa na nguvu hadi sindano za mashine za bei rahisi zikaruka, ikabadilishwa kwa mkato wa chini. Mhakiki asiyetaja mkato, na pengine alitumiwa faili tu, hakusikiliza utakachonunua.

Na yale maneno "kutoka kanda za asili" yasikulevye. Kanda ipi? Ile ya mwisho iliyotoka studio, nakala iliyotumwa nchi nyingine, au faili lililonakiliwa zamani? Mwaka 2022 ilibainika kwamba santuri nyingi za kampuni ya Mobile Fidelity, zilizosifiwa kwa usafi wa analogi, zilipitia hatua ya dijitali. Binafsi sioni ubaya wa hatua hiyo. Zilisikika vizuri kabla na zinasikika vizuri sasa. Ubaya ni kwamba wahakiki walinakili maneno ya jalada kana kwamba waliyasikia.

CD yako ya zamani usiiuze bado. Fanya jaribio, kisha nitumie jina la fundi wa mastaringi (aliyeandaa sauti ya mwisho ya diski) lililoandikwa kwenye kijitabu cha kila toleo, na zile namba zilizochongwa kwenye duara la ndani la kila diski. Kwa hizo tutajua kama mwaka ulioandikwa kwenye jalada ni wa rimasta au ni wa kuchapwa tu.

Nduguyo