Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Assam

Mwanangu mpenzi,

Ama baada ya salamu na dua, nimefurahi kusikia kwamba mwezi ujao utasafiri kwenda Jorhat, katika jimbo la Assam nchini India, kwenye kituo cha utafiti wa chai cha Tocklai, kilichoanzishwa mwaka 1911. Huko watakufundisha mengi kuhusu jani la chai. Mimi, niliyeonja chai ya mnada hapa Mombasa karibu umri wangu wote na kufika Assam nikiwa kijana, nataka nikueleze habari za wanawake wanaolichuma.

Utawakuta wamesimama kati ya mistari ya michai, mzigo wa majani umening'inia mgongoni kwa ukanda unaopita juu ya kichwa, wakichuma majani mawili na chipukizi lake kwa mikono yote miwili. Mashamba mengi yamewawekea kiwango cha kilo 24 kwa siku, na asiyekifikia hukatwa ujira. Usidhani kwamba asili yao ni bonde lile la mto Brahmaputra. Wengi ni Wasantali, Wamunda na Waoraon, watu wa vilima vya Chota Nagpur, ambao mababu zao walichukuliwa na mawakala wa Waingereza katika karne ya 19 kwa mikataba wasiyoweza kuisoma. Na sheria ya mwaka 1865 ilimruhusu mwenye shamba kumkamata mfanyakazi aliyetoroka.

Linaloniuma zaidi ni hili. Ndugu zao waliobaki vilimani, katika jimbo la Jharkhand, wanatambuliwa na katiba kuwa makabila yenye haki ya kutengewa nafasi za masomo na kazi serikalini, lakini wao, damu ileile, wamenyimwa haki hiyo Assam kwa miongo mingi na kupewa jina la "makabila ya chai", kana kwamba walizaliwa na mmea. Nyumba nayo hufungamana na kazi, hivyo mama anapostaafu, mara nyingi binti huingia shambani mahali pake ili familia isikose pa kulala. Ndiyo maana utaona wasichana wa rika lako, wenye akili kama yako, wakichuma.

Siku moja mama mmoja alinikaribisha kwake, akanimiminia chai ya rangi iliyotiwa chumvi, bila maziwa wala sukari. Ndiyo chai yao ya kila siku, na madaktari wa huko huitaja chumvi hiyo wanapoeleza kwa nini shinikizo la damu limewaenea. Sisi waonjaji, kama ujuavyo, huonja tukatema. Ile niliinywa yote, nikashindwa kumshukuru kwa sababu sikujua hata neno moja la lugha yake.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu, usitosheke na Kiingereza cha darasani. Jifunze Kisadri, wanachozungumza wao kwa wao, walau maamkizi na shukrani, kabla hujaingia shambani. Niandikie ukifika.

Akupendaye,
Baba yako