Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: joto hili si utovu wa nidhamu

Ndugu Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima, naandika hadharani kwa sababu barua za kupitia kwa mkuu wa idara hazifiki kwako, au zinafika na kulala.

Wiki iliyopita, katikati ya kikao cha bajeti, joto lilinipanda kutoka kifuani hadi utosini. Jasho likalowesha makabrasha, na tarakimu niliyoiandika mwenyewe ikanipotea mdomoni. Nikatoka nje kupunga upepo. Kesho yake nikakabidhiwa barua ya kujieleza kwa nini niliondoka kikaoni bila ruhusa. Afisa utumishi akaniongezea ushauri wa bure: "Mama, si uombe tu kustaafu kwa hiari?"

Mkurugenzi, hedhi hukoma. Kwa wengi wetu ni kati ya miaka 45 na 55: homoni ya estrojeni inashuka, usingizi unakatika, kumbukumbu inayumba. Ndio umri uleule ambao mtumishi ameiva kushika idara. Haya hamfundishwi kwenye semina elekezi, labda kwa kuwa hayana posho. Au wake zenu hawawaambii, sijui.

Jasho navumilia. Linaloniuma ni kwamba nimeanza kuwaamini wanaonisema. Mimi niliyefunga hesabu, wakaguzi wakatupa hati inayoridhisha, leo hati moja ya malipo naijumlisha, naifunika na daftari, kisha naifunua na kuijumlisha upya. Nafasi ya kukaimu uweka hazina ilipopatikana nikasema apewe kijana. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Tarehe 8 Machi, tukiwa ndani ya vitenge vya sare (tulivyonunua wenyewe, tusisahau), ulishika kipaza sauti ukatuahidi chumba cha kupumzikia na feni kila ofisi. Chumba tumekiona, kimejaa viti vibovu. Feni nadhani zinakuja kwa miguu.

Mwenye mimba kanuni zinampa siku 84, na 100 akijifungua mapacha. Ni haki yake. Mimi sidai likizo. Hata hicho chumba sikidai tena. Naomba barua ile itolewe kwenye faili langu. Feni zikichelewa, dirisha nitafungua mwenyewe. Lakini barua itolewe, kabla ya tathmini ya Juni. Itolewe, Mkurugenzi.

Wako mtiifu (bado),
Mhasibu wako