Tuliopunguzwa kazini tukiwa watu wazima nasi tufundishwe

Mhariri,

Wiki chache zilizopita msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba wanaopunguzwa kazini waache kulalamika, wachukue kiinua mgongo chao wakajiajiri. Sina ugomvi naye na naamini aliandika kwa nia njema. Lakini mimi ni mmoja wa hao aliowasema. Alichoshauri nimekifanya, na kuna kipande cha safari hiyo ambacho hakukitaja kabisa, nacho ni ile miezi ambayo mtu mzima anajifunza kazi asiyoijua. Naomba nafasi nikieleze.

Nilikuwa mtunza stoo kwa miaka 19 hapa Morogoro. Barua ya kupunguzwa ilinifika nikiwa na umri wa miaka 46, nina mke na watoto watatu, wawili kati yao wako sekondari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, ila hesabu inakoma kwenye mwaka wa 10. Basi mimi wa miaka 19 nilihesabiwa siku 70, sawa na mwenzangu aliyekuwa ametimiza miaka 10. Notisi ilikuwa siku 28. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wakanipa fao la kukosa ajira, theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6. Sisemi nilidhulumiwa, kwa sababu nililipwa kilichoandikwa. Nataka tu msomaji aone ukubwa wa fungu ambalo mtu anaambiwa aanze nalo maisha upya.

Useremala sikuupanga. Nilikuwa nimepeleka kitanda cha mwanangu kikazwe miguu katika karakana moja ya Kihonda (mafundi wenyewe wanaiita ofisi), nikakaa kumsubiri fundi amalize. Alikuwa anachonga kichwa cha ubao kiwe ulimi ili kiingie kwenye tundu la mguu. Akajaribu, kikakataa. Akapitisha patasi mara moja, maranda membamba kama ganda la kitunguu yakaanguka, akajaribu tena, kikaingia kwa kugongwa na kiganja cha mkono. Hakuweka hata msumari. Niliondoka na kitanda changu, lakini kesho yake nilirudi bila kitanda.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeulizia chuo kimoja cha ufundi. Dada wa mapokezi alinisalimia vizuri, akaniuliza, "Shikamoo mzee, unamwombea mwanao nafasi?" Nilipomwambia mwombaji ni mimi, alinyamaza kidogo, kisha akanipa fomu kwa heshima zote. Tatizo halikuwa yeye. Masomo yalikuwa ya kutwa nzima, Jumatatu hadi Ijumaa, na mimi asubuhi nilikuwa nimepata kibarua cha kuandika vitabu vya hesabu vya duka la vifaa vya ujenzi, ambacho ndicho kilikuwa kinanunua unga nyumbani. Fomu ninayo mpaka leo.

Yule fundi wa Kihonda alikuwa na miaka 29. Nilipomwomba anifundishe alikataa mara mbili. Mara ya tatu akasema, "Mzee, mimi mdogo wangu kanishinda kumfundisha, wewe nitakuweza?" Jirani yake mwenye duka akaongezea kwamba samaki mkunje angali mbichi. Nikawaambia sitaki kulipwa, nitafagia, nitabeba mbao, nitakuwepo kila siku kuanzia saa nane mchana hadi giza. Akakubali kwa sharti moja, kwamba humo ndani mimi nimwite fundi. Nilimwita fundi tangu siku hiyo, naye hakuacha kuniita mzee, na hakuna kati yetu aliyepungukiwa kitu.

Wiki mbili za kwanza sikukata ubao. Nilinoa. Alinipa patasi tatu na jembe la randa, yaani chuma chake cha kukatia, akanionyesha kwamba mgongo wa patasi lazima uwe bapa kabisa, maana ukiwa na tumbo makali hayakai hata ukinoa mpaka jioni. Nikinoa, anapitisha kwenye manyoya ya mkono wake, hayakatiki, ananirudishia bila neno. Siku yalipokatika alinipa kipande cha ubao wa inchi mbili kwa nne na kusema nirande. Nikaranda kinyume cha nyuzi, ubao ukanyofoka vipande. Akaniambia nitazame ubavuni kwanza, nyuzi zinapanda kuelekea wapi, kisha nizifuate kwa randa kama ninavyompapasa paka. Maneno hayo nimewaambia vijana wawili tangu hapo.

Lipo jambo moja linalowahusu watu wa umri wangu, na sijawahi kuliona likiandikwa. Kwa mwezi mzima vipimo vyangu vilikuwa vinakosea kwa unywele. Viungo vinalegea, milango ya kabati inagusana. Fundi aliamini sina makini, mimi nikaanza kuamini mikono yangu imeshazeeka. Kumbe yalikuwa macho. Mtu akipita miaka 40 macho huanza kukataa vitu vya karibu, na alama ndogo za kwenye futi zilikuwa zinanipiga chenga. Nilinunua miwani ya kusomea, nikaacha penseli na kuanza kuchora mstari kwa ncha ya kisu, kwa sababu mstari wa kisu ni mwembamba na patasi inauhisi hata jicho lisipouona. Viungo vikaanza kukaza. Mtu mzima anayejifunza kazi ya mikono na kuona hafanikiwi, namsihi apime macho kabla hajakata tamaa.

Pia avae barakoa. Unga wa mninga ulinifunga kifua wiki nzima nilipoanza kuupiga msasa.

Meza yangu ya kwanza kuuza niliitengeneza mwezi wa tano, masika yakiwa yanaishia. Mbao zilikuwa paini za Sao Hill, zilizoshuka na lori kutoka Mafinga zikiwa bado zinanuka utomvu. Niliunganisha uso wa meza kwa gundi, nikaupigilia kwenye fremu pande zote nne, nikapaka vanishi, ikang'aa. Mwezi wa tisa mteja aliirudisha. Ilikuwa na ufa wa urefu wa mkono, kutoka kiwiko hadi vidole. Nilimrudishia pesa zake zote, na usiku ule sikulala.

Fundi hakunigombeza. Alinieleza kwamba ubao ukikauka haufupiki, unapungua upana. Uso wa meza ulikuwa unajivuta kwenda ndani, misumari yangu ikaukatalia, ukapasuka kwa kukosa pa kwenda. Siku hizi uso wa meza naushika kwa chini, kwa vibao vidogo vyenye ulimi unaoingia kwenye mfereji wa fremu, naacha nafasi kidogo, ubao unapanuka na kupungua majira yakibadilika bila kuvunja kitu.

Ufa ule ndio ulionikumbusha kazi yangu ya zamani. Stoo tulikuwa hatutoi mzigo bila kujua uliingia lini na uko katika hali gani. Nikaanza kuandika kwa chaki tarehe kwenye kila rundo la mbao, nikayapanga na vijiti katikati ili hewa ipite. Kisha nikaazima mizani ya jikoni ya mke wangu. Nilikata kipande cha paini kutoka kwenye mzigo mpya, nikakipima: gramu 1,180. Kila Jumamosi nikakipima tena na kuandika kwenye daftari. Baada ya wiki 7 kilisimama kwenye gramu 840 na hakikushuka tena. Gramu 340 zilikuwa maji, katika kipande ninachoweza kukishika kwa mkono mmoja. Fundi alilichukua lile daftari akalisoma amesimama, ukurasa baada ya ukurasa. Mzigo usiotulia kwenye mizani haugeuzwi meza katika karakana ile tangu siku hiyo.

Kutoka hapo daftari likakua. Niliandika kila kinachoingia kwenye kitanda cha tano kwa sita: mbao, gundi, msasa, vanishi, pesa ya mashine ya kuranda ya jirani, nauli ya toroli. Tukakuta kwamba fundi, mwenye mikono mizuri kuliko yote niliyowahi kuiona, alikuwa anauza vitanda kwa bei iliyomwachia karibu sifuri, kwa sababu alikuwa anahesabu mbao peke yake. Mbao za mninga na tiki nikaanza kuzitunzia risiti na hati za kusafirishia za TFS, wakala wa huduma za misitu, kwenye faili, kama nilivyokuwa nafanya kazini. Leo tunagawana kazi: yeye viungo na milango, mimi meza, stuli na vitabu vya hesabu.

Naandika haya yote, Mhariri, kwa sababu ya ule usemi wa samaki. Nilikwenda pale nikiamini kwamba miaka yangu 19 imetupwa, na wengi tunaopunguzwa tunaamini hivyo. Aliyekuwa dereva anajua kutunza chombo. Aliyekuwa keshia anajua pesa inapovujia. Aliyekuwa muuguzi ana subira ambayo kijana wa miaka 18 atahitaji muda kuipata. Tukipewa pa kujifunzia tunaingia na vitu hivyo, na karakana inayotupokea inavipata bure.

Lakini pa kujifunzia ni pachache. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni haki yao na siombi ipunguzwe hata shilingi. Miradi mingi ya stadi ninayoisikia redioni nayo ni ya vijana, na nina watoto, kwa hiyo nafurahi. Mwanamume wa miaka 46 aliyetolewa kazini anabaki na ushauri.

Ninachoomba hakihitaji mfuko mpya. Kifungu cha 38 cha Sheria ile ile ya Ajira kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu ashauriane nao mapema kuhusu sababu, njia za kuepuka, namna ya kuchagua watakaoondoka, wakati na malipo. Mafunzo hayatajwi. Yaongezwe. Katika zile siku 28 za notisi mimi nilikuwa nahesabu masanduku ya kumkabidhi mwingine. Ningeweza kuwa Kihonda nusu siku, nikinoa patasi huku mshahara bado unaingia. Vyuo vyenye karakana vingi vinazifunga jioni na Jumamosi, mashine zimelala na taa zipo. Wafungue kwa saa hizo, watoze ada ya kawaida, na fomu isiwe na swali la kumfanya mtu aone aibu umri wake. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, tayari wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya madarasa. Mafundi wa mtaani wanaopokea wanafunzi watu wazima waelezwe habari hiyo huko huko waliko, kwa sababu fundi wangu aliisikia kwangu, nami niliisikia kwa bahati kwenye daladala.

Na kwako, Mhariri, nina ombi moja. Tuma mwandishi wako akaulize katika vyuo vya ufundi vya mikoa mitatu au minne: mwaka huu wameandikisha watu wangapi waliovuka miaka 40, na masomo yao yanafanyika saa ngapi. Uchapishe jibu katika ukurasa huu huu. Mimi nitalisubiri, na nawajua watu sita niliofanya nao kazi ambao watalisubiri pia. Mmoja wao amepata barua yake ya notisi Jumatatu hii.

Ni mimi msomaji wako,
Seremala na mtunza stoo wa zamani,
Kihonda, Morogoro