Yah: Poda yenu isiyosema ina nini ndani

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni kinyozi, nina kibanda Chang'ombe hapa Dodoma, mwaka wa saba sasa. Kila kichwa ninachomaliza, shingo naifuta kwa brashi yenye poda yenu. Mlango huwa nimeurudishia kwa sababu ya upepo wa huku na vumbi lake. Kumbe vumbi jingine nalifungia ndani.

Jumamosi iliyopita mama mmoja aliniletea mtoto wa miezi mitano. Nilipogonga brashi, wingu la poda likamwingia mtoto puani. Alikohoa mpaka tukaogopa wote, hadi mteja aliyekuwa kwenye benchi akasimama. Alipotulia, mama akaniuliza, "Hiyo poda ina nini?" Nikageuza kopo. Pale palipotakiwa kuandikwa viambato mmebandika karatasi yenye picha ya ua. Niliibandua kwa wembe. Chini yake limebaki neno moja tu linalosomeka: talki.

Nikapiga namba yenu. Dada aliyepokea akasema poda ni poda, hata bibi zetu walijipaka. Bibi yangu sibishani naye. Ila talki ni jiwe linalochimbwa na kusagwa, na ardhini wakati mwingine hukaa pamoja na asbesto, ambayo inajulikana kuleta saratani. Julai 2024 wakala wa utafiti wa saratani wa WHO uliiweka talki yenyewe kwenye kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani. Johnson & Johnson waliacha kuuza poda ya watoto ya talki duniani kote mwaka 2023, wakahamia wanga wa mahindi. Sisemi kopo lenu lina asbesto. Wa kupima ni ninyi, na nilichopewa mimi ni ua.

Naomba ndani ya siku 14 nipate orodha kamili ya viambato, cheti cha kipimo cha asbesto cha toleo hili, na pesa yangu ya makopo sita ambayo sijayafungua. Lebo nayo iseme kwa Kiswahili kwamba poda isipulizwe karibu na pua ya mtoto. Kopo na karatasi yenu nimevihifadhi.

Kwa sasa nafuta shingo kwa taulo la maji ya uvuguvugu. Wateja wananung'unika kwamba harufu imepotea.

Wenu,
Kinyozi, Chang'ombe, Dodoma

Nakala: TBS, wasimamizi wa vipodozi tangu 2019