Barua kwa mwanangu aliyepangiwa zahanati

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeupata. Hapa nyumbani hatujambo, baba yako anakusalimu na mgongo wake una nafuu. Habari ya kituo ulichopangiwa nimeisoma mara mbili. Ulitaka wodi ya upasuaji, wamekupeleka zahanati ya kijijini yenye vitongoji vilivyotawanyika na huduma ya mkoba kila mwezi, nawe unaandika kama mtu aliyeshushwa cheo. Kazi hiyo ndiyo niliyoifanya mpaka nikastaafu, kwa hiyo nivumilie nikueleze ilikotoka.

Chuoni mmesoma sana habari za Florence Nightingale, muuguzi wa Uingereza, na taa yake kule Scutari, hospitali ya askari majeruhi nchini Uturuki. Mimi nataka umjue muuguzi Mary Robinson. Mwaka 1859, mjini Liverpool, Uingereza, tajiri mmoja aitwaye William Rathbone alifiwa na mkewe. Robinson ndiye aliyemuuguza mama yule nyumbani hadi mwisho. Rathbone akawaza: ikiwa sisi wenye kila kitu tulimhitaji muuguzi kiasi hiki, maskini wanaougua vyumbani mwao wana hali gani? Akamwajiri Robinson kwa miezi 3 azunguke nyumba za maskini. Mwezi wa kwanza haujaisha, Robinson akarudi kuomba aachishwe, dhiki aliyoiona imemzidi nguvu. Akasihiwa avumilie. Miezi 3 ilipotimia, hakutaka tena kuiacha kazi ile. Baadaye Rathbone, kwa ushauri wa Nightingale mwenyewe, akafadhili shule ya wauguzi, na Liverpool ikagawanywa mitaa 18, kila mtaa na muuguzi wake. Kwa hiyo mwezi huu wa kwanza ukikuelemea, ujue si wewe wa kwanza.

Mwingine ni Lillian Wald wa New York. Mwaka 1893 alikuwa akiwafundisha wanawake wahamiaji namna ya kuuguza nyumbani, mtoto wa kike akaja kumwita: mama yake amejifungua na anavuja damu. Akamfuata mpaka kwenye chumba chao. Alichokiona kilimfanya aache masomo ya udaktari, akahamia na mwenzake Mary Brewster kuishi mtaa uleule wa maskini. Hapo ndipo ilipozaliwa nyumba ya wauguzi ya Henry Street. Mtu yeyote aliweza kumwita muuguzi bila kupitia kwa daktari, na mwenye uwezo alichangia senti chache ili asijione ombaomba.

Wald ndiye aliyewezesha muuguzi Lina Rogers apelekwe kufanya kazi katika shule za New York mwaka 1902, na kisa hiki nakipenda kuliko vyote. Madaktari wa jiji walikuwa wakiwakagua wanafunzi, mwenye trakoma (ugonjwa wa macho), chawa au mapunye anarudishwa nyumbani na karatasi. Karatasi ile wazazi wengi hawakuweza kuisoma, na hata aliyeisoma hakuwa na pa kumpeleka mtoto. Mtoto akabaki mtaani akicheza na wenzake walewale. Rogers akawatibu palepale shuleni, kisha akaenda makwao kumwonyesha mama jinsi ya kuosha na kupaka dawa. Septemba 1902 watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wamezuiwa kuingia darasani. Septemba iliyofuata walikuwa kama 1,100. Madaktari walikuwa wanaujua ugonjwa tangu mwanzo. Aliyekosekana ni mtu wa kuufuata mpaka nyumbani.

Kwetu Tanzania mambo yalipita njia nyingine. Mwaka 1973 nilikuwa mtoto, na ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 watu wazima wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, wana kitabu mkononi, wanazungumzia malaria, kuhara, kichocho, safura. Kipindi kikiisha, kikundi chenyewe ndicho kilichoamua: dimbwi lile lifukiwe, choo kile kichimbwe. Jembe lilishikwa na wenye kijiji. Miaka 5 baadaye, kwenye mkutano wa afya kule Alma-Ata, katika Muungano wa Kisovieti wa wakati ule, mwaka 1978, nchi za dunia zilitamka kwamba wananchi wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga huduma zao za afya. Nilipoyasoma hayo chuoni niliona ni yale niliyoyaona uwanjani kwa babu yako.

Nikwambie na la kwangu. Kuna mtoto alikuwa akiletwa zahanati kwa kuhara, anapewa ORS, yaani dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganywa na maji, anapona, wiki chache amerudi. Mama yake alijibu maswali yote sawasawa: maji anachemsha, mikono ananawa. Nikaenda kwao. Maji kweli yalichemshwa. Lakini mtungi ulikuwa wazi, kata imelala chini kwenye vumbi karibu na kuku, na kila aliyeona kiu aliizamisha pamoja na vidole vyake. Mtungi ule ulikuwa wa bibi mwenye nyumba, na mkwe hakuwa na sauti juu yake. Nikazungumza na bibi, kwa heshima zake, tumekaa mkekani, siyo mimi nimesimama na daftari. Akatafuta kifuniko mwenyewe, akaagiza kata ya mpini mrefu, akaitundika kwenye msumari. Ningempa mtoto ORS mwaka mzima bila kumfikia bibi yule.

Kinga ni bora kuliko tiba: maneno hayo yamebandikwa ukuta wa kila zahanati, ila ukuta haupigi hodi. Ukifika kwa watu, wewe ni mgeni. Karibishwa kwanza. Uliza nani anaamua habari ya chakula, nani anashika pesa ya nauli ya hospitali. Tazama chandarua kimetundikwa au bado kiko kwenye nailoni. Na usiseme ya nyumba hii ukiwa nyumba ya pili, maana siku hiyohiyo milango yote itafungwa.

Jumatatu anza kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha wahudumu wa afya wa jamii, hao wanajua kila mlango. Toa kwenye rejista watoto ambao hawajarudi kupimwa uzito wala kuchanjwa, uwapange kwa vitongoji. Ukiona majina mengi ni ya kitongoji kimoja, huko ndiko uende kwanza, uangalie kama ni mto, ni umbali, au kuna maneno yaliyowakatisha tamaa. Ukishapata orodha hiyo nipigie jioni tuipitie pamoja.

Mama yako