Shukrani kwa dada wa basi la Moshi

Dada uliyepanda nasi basi la Moshi pale Mbezi, tarehe 23 Desemba alfajiri, asante sana. Jina lako sikulipata.

Binti yetu tumemuasili mwaka huu, na hiyo ilikuwa Krismasi yake ya kwanza nasi. Tulikuwa tunampeleka Marangu kwa bibi yake. Utingo alipotupia begi lake kwenye buti, mtoto akapiga yowe. Kwake, begi likifungwa maana yake anahamishwa tena. Abiria wakaanza kunong'ona eti kadekezwa.

Wewe ulishuka, ukamwomba utingo afungue buti, ukalitoa begi na kumpakatisha. Ukampisha kiti chako cha dirishani. Kisha ukamuuliza: gauni la Krismasi lipi, na la kurudia Dar lipi? Hilo la kurudia ndilo lililomtuliza. Sisi wazazi tulikuwa tunarudia "usilie" tu. Hadi tunafika Korogwe anakula mahindi na wewe, hata hana habari na sisi!

Jamani, mkimwona mtoto analia stendi, ulizeni kwanza kabla ya kumsema. Na wewe dada, ukipita Marangu karibu nyumbani, mtori upo.